Picha za ubongo katika uzee na ugonjwa wa Parkinson

Picha za ubongo katika uzee na ugonjwa wa Parkinson ni eneo la utafiti wa tiba linalotumia mashine kama CT, MRI na PET ili kuona jinsi ubongo wa mtu aliye hai unavyobadilika kadiri miaka inavyokwenda, na jinsi mabadiliko ya kawaida ya uzee yanavyotofautiana na yale yanayoletwa na maradhi ya mwendo. Kati ya maradhi hayo, ugonjwa wa Parkinson ndio uliochunguzwa zaidi kwa njia hiyo.

Tofauti kati ya uzee na ugonjwa ni muhimu kwa sababu wazee wengi wanaotetemeka, wanaoburuta miguu au wanaosahau huambiwa kwamba "ni uzee tu", kumbe baadhi yao wana ugonjwa ambao una dawa. Utafiti wa picha umeonyesha mambo mawili yanayopaswa kushikwa pamoja. Kwanza, picha inaweza kuonyesha upotevu ndani ya ubongo hata kabla dalili hazijatokea. Pili, picha peke yake haitoshi kusema mtu anaumwa nini wala hali yake ya kila siku ikoje. Ndiyo maana mpaka leo ugonjwa wa Parkinson hutambuliwa hasa kwa daktari kumsikiliza na kumpima mgonjwa, na picha hutumika kama msaada.

## Ugonjwa wa Parkinson kwa ufupi

Ugonjwa huu umepewa jina la James Parkinson, daktari wa London aliyeueleza mwaka 1817 katika kijitabu kuhusu "kupooza kwa kutetemeka". Alitegemea watu sita tu, na baadhi yao aliwaona barabarani. Hakuwa na mashine yoyote: aliangalia mikono, mgongo na mwendo wao.

Dalili kuu ni miendo kuwa ya polepole na midogo, misuli kukakamaa, na mkono au mguu kutetemeka ukiwa umepumzika. Kwa kawaida dalili huanza upande mmoja wa mwili. Baadaye mgonjwa anaweza kushindwa kusimama imara na kuanguka mara kwa mara. Kuna pia dalili zisizohusu mwendo, kama vile kupoteza uwezo wa kunusa, kufunga choo, usingizi wenye vurugu, huzuni na, kwa baadhi ya wagonjwa, demensia (kupungua kwa uwezo wa kukumbuka na kufikiri hadi kushindwa kujitegemea).

Chanzo cha dalili za mwendo ni kufa kwa seli za neva zilizo katika sehemu ndogo ya ubongo wa kati inayoitwa substantia nigra, maana yake kwa Kilatini ni "kitu cheusi". Weusi huo unatokana na rangi iitwayo neuromelanini. Seli hizo hutengeneza dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe hadi striatamu, kundi la seli lililo ndani kabisa ya ubongo ambalo husaidia kuanzisha na kupanga miendo. Mwaka 1960 Oleh Hornykiewicz na mwenzake Herbert Ehringer, waliokuwa wakifanya kazi Vienna, walionyesha kwamba ubongo wa watu waliokufa na ugonjwa wa Parkinson ulikuwa na dopamini kidogo mno. Ugunduzi huo ulifungua njia ya levodopa, dawa ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini na ambayo mpaka sasa ndiyo tegemeo kuu la tiba.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani walikuwa na ugonjwa huu. Huwapata zaidi watu waliopita umri wa miaka 60, ingawa vijana nao wanaweza kuupata.

## Historia ya picha za ubongo

Wilhelm Röntgen aligundua eksirei mwaka 1895, lakini picha za kawaida za eksirei huonyesha fuvu kuliko ubongo wenyewe. Kwa miongo mingi ubongo uliweza kuonekana vizuri tu baada ya mtu kufariki.

Mabadiliko makubwa yalikuja na mashine ya CT, ambayo hupiga eksirei kutoka pande nyingi, kisha kompyuta huziunganisha kuwa picha ya vipande vya kichwa. Sehemu ya msingi wake wa kihisabati iliwekwa na Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg aliyeanza kulifikiria tatizo hilo mwaka 1956 alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Mhandisi Mwingereza Godfrey Hounsfield ndiye aliyetengeneza mashine yenyewe, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo mjini London mwaka 1971. Cormack na Hounsfield walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1979.

Mwaka 1973 Paul Lauterbur alichapisha njia ya kupata picha kwa kutumia sumaku, na Peter Mansfield aliiendeleza. Njia hiyo ndiyo MRI, nao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2003. Katika miaka hiyohiyo ya 1970 ilitengenezwa PET. Mwaka 1983 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada, wakiongozwa na Stephen Garnett, walitumia PET kuonyesha dopamini katika ubongo wa mtu aliye hai. Kile ambacho Hornykiewicz alikipima kwa maiti sasa kiliweza kufuatiliwa kwa mgonjwa anayepumua na kuzungumza.

## Namna mashine zinavyofanya kazi

CT ni ya haraka na inapatikana katika hospitali nyingi kubwa. Inaonyesha vizuri damu iliyovuja, uvimbe, kiharusi na maji yaliyozidi ndani ya kichwa. Haionyeshi vizuri sehemu ndogo kama substantia nigra.

MRI haitumii eksirei. Mwili una maji mengi, na maji yana hidrojeni. Sumaku yenye nguvu huzipanga viini vya hidrojeni, mawimbi ya redio huvivuruga, na vinaporudi katika mpangilio wake hutoa mawimbi ambayo mashine huyapokea. Kwa kuwa kila aina ya tishu hurudi kwa kasi yake, picha huonyesha tofauti kati ya tishu moja na nyingine. Mashine nyingi za hospitali zina nguvu ya tesla 1.5 au 3.

MRI ya utendaji, inayojulikana kwa kifupi kama fMRI, ilitokana na kazi ya Seiji Ogawa iliyochapishwa mwaka 1990. Sehemu ya ubongo inayofanya kazi huletewa damu yenye oksijeni nyingi zaidi, na damu hiyo ina tabia tofauti mbele ya sumaku. Hivyo fMRI haipimi kazi ya seli za neva moja kwa moja. Inapima damu inayozifuata, tena kwa kuchelewa sekunde kadhaa.

PET hutumia kemikali nururifu inayodungwa kwenye mshipa. Kemikali huchaguliwa kulingana na kinachotafutwa: sukari iliyowekwa florini nururifu huonyesha sehemu zinazotumia nishati nyingi, na florodopa huonyesha sehemu zinazotengeneza dopamini. Isotopi hizi hudumu muda mfupi. Nusumaisha ya florini-18 ni karibu dakika 110, na ya kaboni-11 ni karibu dakika 20. Kwa sababu hiyo kemikali yenye kaboni-11 haina budi kutengenezwa palepale hospitalini kwa mashine iitwayo siklotroni.

SPECT inafanana na PET lakini ni nafuu zaidi. Katika ugonjwa wa Parkinson hutumiwa hasa na ioflupani, kemikali yenye iodini-123 inayojishikiza kwenye visafirishi vya dopamini, yaani protini zinazorudisha dopamini ndani ya seli baada ya kutumika. Marekani iliidhinisha matumizi hayo mwaka 2011, baada ya Ulaya.

Ultrasaundi pia inaweza kutumika kupitia mfupa mwembamba wa panja. Mwaka 1995 watafiti wa Ujerumani walieleza kwamba kwa wagonjwa wengi wa Parkinson substantia nigra hung'aa zaidi ya kawaida. Njia hii ni ya bei ndogo, lakini inategemea sana ujuzi wa mpimaji, na kwa baadhi ya watu mfupa ni mnene kiasi kwamba mawimbi hayapiti.

## Mabadiliko ya kawaida ya uzee

Ubongo wa mtu mzima hupungua ukubwa taratibu hata bila ugonjwa. Upungufu huo ni mdogo sana katika umri wa kati, na huongezeka kasi baada ya miaka 60. Sehemu hazipungui sawasawa: sehemu ya mbele ya gamba la ubongo na hipokampasi, ambayo ni muhimu kwa kumbukumbu, huathirika zaidi kuliko sehemu ya nyuma inayohusika na kuona.

Picha za MRI za wazee huonyesha pia madoa katika sehemu nyeupe ya ubongo, ambako hupita nyuzi za neva. Madoa machache ni ya kawaida. Yakiwa mengi huambatana na shinikizo la juu la damu na magonjwa ya mishipa midogo, na wenye madoa mengi kwa wastani hutembea polepole zaidi na hupata shida zaidi katika kazi zinazohitaji kufikiri kwa haraka. Shinikizo la damu linatibika, kwa hiyo sehemu ya kile kinachoitwa uzee inaweza kuzuiliwa.

Dopamini nayo hupungua na umri. Mwaka 1998 Nora Volkow na wenzake nchini Marekani walipima kwa PET vipokezi vya dopamini vya watu 30 wenye afya, wenye umri wa miaka 24 hadi 86. Waliokuwa na vipokezi vichache zaidi walifanya vibaya zaidi katika kugonga vidole kwa haraka na katika baadhi ya majaribio ya akili, hata baada ya umri kuzingatiwa katika hesabu. Utafiti huo ulionyesha kwamba mwendo na fikra si mambo mawili yaliyotengana kabisa katika ubongo unaozeeka.

Si kila badiliko ni hasara. Picha za utendaji zimeonyesha kwamba katika baadhi ya kazi vijana hutumia zaidi upande mmoja wa sehemu ya mbele ya ubongo, ilhali wazee hutumia pande zote mbili. Maelezo mojawapo ni kwamba ubongo wa mzee hufidia udhaifu kwa kuita msaada kutoka upande wa pili. Maelezo mengine ni kwamba ubongo umepoteza uwezo wa kuchagua sehemu sahihi. Picha inaonyesha kwamba sehemu fulani imefanya kazi. Haisemi kwa nini.

Mazoezi pia yamechunguzwa. Mwaka 2011 Kirk Erickson na wenzake walichapisha jaribio la wazee 120 nchini Marekani. Waliotembea kwa mazoezi kwa mwaka mmoja walionekana kuongezeka ukubwa wa hipokampasi kwa karibu asilimia 2, wakati ya waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu ilipungua. Majaribio yaliyofuata hayakutoa matokeo yanayolingana yote, lakini faida ya mazoezi kwa moyo, mishipa na mwendo haibishaniwi.

## Kinachoonekana katika ugonjwa wa Parkinson

Jambo linalowashangaza wagonjwa wengi ni kwamba CT na MRI ya kawaida mara nyingi hazionyeshi kasoro yoyote katika ugonjwa wa Parkinson, hasa mwanzoni. Majibu yakisema kwamba picha ni ya kawaida hayamaanishi kwamba mgonjwa anajifanya au kwamba dalili zake ni za uzee.

Picha ya SPECT kwa ioflupani huonyesha tofauti kwa uwazi zaidi. Kwa mtu mwenye afya, striatamu ya kila upande huonekana kama alama ya mkato. Katika ugonjwa wa Parkinson mkia wa alama hiyo hufifia na kubaki kama nukta. Mkia huo ni sehemu ya nyuma ya putameni, ambayo hupoteza dopamini mapema kuliko sehemu nyingine. Upande ulioathirika zaidi katika picha huwa kinyume cha upande wa mwili ulioanza kutetemeka, kwa kuwa nusu ya kulia ya ubongo huongoza nusu ya kushoto ya mwili.

Wakati dalili za mwendo zinapotokea, sehemu kubwa ya dopamini ya putameni huwa imekwisha kupotea. Maana yake ni kwamba ugonjwa ulianza miaka kadhaa kabla ya mkono kutetemeka. Ndiyo sababu mradi mkubwa wa PPMI, ulioanzishwa mwaka 2010 na taasisi ya Michael J. Fox, unafuatilia kwa picha na vipimo vingine si wagonjwa tu bali pia watu walio katika hatari ya kuugua. Shabaha ni kupata njia ya kuanza tiba kabla seli nyingi hazijafa. Mpaka sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kuzuia seli hizo zisife.

MRI zenye nguvu zaidi zimeongeza alama nyingine mbili. Mwaka 2006 watafiti wa Japani walionyesha kwamba MRI ya tesla 3 inaweza kuonyesha neuromelanini, na kwamba mng'ao wake hupungua kwa wagonjwa. Mwaka 2014 watafiti wa Nottingham, Uingereza, walieleza kwamba sehemu ya nyuma ya substantia nigra yenye afya huonekana kama mkia wa mbayuwayu uliogawanyika, na kwamba mgawanyiko huo hupotea katika ugonjwa wa Parkinson.

## Magonjwa yanayofanana na Parkinson

Faida kubwa ya CT na MRI katika kliniki ni kutafuta vyanzo vingine vya dalili, hasa vile vinavyotibika.

Hidrosefalasi ya wazee ni hali ambapo maji ya ubongo hujaa katika vyumba vyake bila shinikizo kupanda sana. Mgonjwa hutembea kama miguu imegandishwa sakafuni, hushindwa kuzuia mkojo na hupungukiwa na kumbukumbu. CT huonyesha vyumba vilivyotanuka, na baadhi ya wagonjwa hupata nafuu kubwa wakiwekewa mrija wa kupunguza maji hayo. Damu iliyoganda chini ya fuvu baada ya kuanguka huweza pia kumfanya mzee awe mzito wa mwendo na fikra, na huonekana kwa CT.

Kuna pia magonjwa adimu zaidi. Katika ugonjwa uitwao kupooza kwa macho kunakoendelea, ulioelezwa mwaka 1964 na Steele, Richardson na Olszewski, ubongo wa kati husinyaa mpaka ukitazamwa kwa upande katika MRI unafanana na ndege mdogo mwenye mdomo mrefu. Katika ugonjwa wa kusinyaa kwa mifumo mingi ya ubongo, shina la ubongo la baadhi ya wagonjwa huonyesha alama ya msalaba. Magonjwa haya mawili hupunguza visafirishi vya dopamini kama Parkinson inavyofanya, kwa hiyo SPECT ya ioflupani haiwezi kuyatofautisha nayo.

Inachoweza kutofautisha ni ugonjwa wa Parkinson na mtetemeko wa kurithi unaotokea wakati wa kutumia mikono, kwa mfano kushika kikombe. Katika mtetemeko huo picha huwa ya kawaida. Kwa kawaida ni hivyo pia kwa dalili zinazoletwa na dawa zinazozuia dopamini, kama haloperidoli inayotumika kwa magonjwa ya akili na metoklopramidi inayotumika kuzuia kutapika. Hapo swali rahisi la daktari kuhusu dawa anazomeza mgonjwa linaweza kuleta jibu kabla ya mashine yoyote.

## Kumbukumbu na fikra

Baadhi ya wagonjwa wa Parkinson hupata shida ya kupanga mambo, kugawa umakini au kukumbuka. PET inayoonyesha matumizi ya sukari huonyesha kwa wagonjwa hao upungufu katika sehemu za nyuma za gamba la ubongo. Upotevu wa dopamini peke yake hautoshi kueleza demensia. Kemikali nyingine za ubongo, hasa asetilikolini, huhusika pia.

Mwaka 2004 zilichapishwa picha za kwanza za PET zilizoonyesha amiloidi, protini inayorundikana katika ugonjwa wa Alzheimer. Baadaye ilionekana kwamba wazee wengi wenye kumbukumbu nzuri wana amiloidi pia, na idadi yao huongezeka na umri. Picha yenye amiloidi inaonyesha hatari, lakini haimaanishi kwamba kila aliye nayo atapata demensia.

Kutembea nako kunahitaji fikra. Mtu mwenye afya hutembea huku akizungumza bila taabu. Mgonjwa wa Parkinson anaweza kusimama ghafla akiulizwa swali, kwa sababu kile kilichokuwa kikifanyika chenyewe sasa kinahitaji umakini. Tafiti za fMRI zinaonyesha kwamba wagonjwa hutumia zaidi sehemu za gamba la ubongo na ubongo mdogo ulio kisogoni ili kufanya miendo ambayo wengine huifanya kwa mazoea.

## Picha isipolingana na mgonjwa

Jaribio moja lililochapishwa mwaka 2004 linaonyesha ugumu wa kusoma picha. Wagonjwa wapya 361 wa Parkinson waligawanywa kutumia levodopa kwa viwango vitatu au dawa bandia kwa wiki 40. Baada ya kuacha dawa kwa wiki mbili, waliokuwa wametumia levodopa walikuwa na hali nzuri zaidi kuliko waliotumia dawa bandia. Lakini picha za SPECT za baadhi yao zilionyesha kinyume: visafirishi vya dopamini vilionekana kupungua kwa kasi zaidi kwa waliotumia levodopa.

Je, dawa ilikuwa ikiwasaidia au ikiwadhuru? Inawezekana kwamba levodopa hubadilisha visafirishi vyenyewe bila kuua seli, hivyo picha ikapima athari ya dawa badala ya ugonjwa. Jaribio jingine la Uholanzi, lililochapishwa mwaka 2019 na kuhusisha wagonjwa 445, lililinganisha walioanza levodopa mapema na walioanza wiki 40 baadaye. Mwishoni mwa wiki 80 hapakuwa na tofauti kati yao: kuanza mapema hakukuchelewesha ugonjwa wala kuuharakisha. Jibu hilo lilitokana na kuwapima wagonjwa wenyewe.

Katika jaribio la mwaka 2004 lilitokea pia jambo la pili. Kati ya wagonjwa 142 waliopigwa picha, 21 walikuwa na picha za kawaida ingawa madaktari waliamini wana Parkinson. Tafiti za kufuatilia watu wa namna hiyo zimeonyesha kwamba wengi wao hawazidiwi na picha zao hubaki za kawaida. Pengine walikuwa na aina nyingine ya mtetemeko. Hapo picha ilimsahihisha daktari. Vigezo vya kimataifa vilivyotolewa mwaka 2015 vinakubali hilo: picha ya kawaida ya visafirishi vya dopamini ni sababu ya kukataa kwamba ni Parkinson, ingawa picha hiyo si lazima kwa kila mgonjwa.

Mwaka 2001 watafiti wa Vancouver, Kanada, walionyesha kwa PET kwamba wagonjwa waliopewa dawa bandia huku wakitarajia nafuu walitoa dopamini zaidi katika ubongo wao. Matarajio ya mgonjwa yana athari ya kweli inayopimika, na hiyo ni sababu mojawapo ya majaribio ya dawa kuhitaji kundi la kulinganisha.

## Matatizo ya utafiti

Mashine ya MRI inamtaka mtu alale bila kusogea, jambo ambalo mtu anayetetemeka hawezi kulifanya kwa urahisi. Wagonjwa wenye mtetemeko mkali mara nyingi huachwa nje ya utafiti. Tena hakuna anayeweza kutembea ndani ya mashine hiyo, kwa hiyo watafiti hutumia kugonga vidole, kusogeza nyayo au kuwaza kutembea.

Idadi ndogo ya washiriki ni tatizo la pili. Picha moja ya fMRI ina maelfu ya vipande vidogo, na kila kipande ni kipimo. Vipimo vikiwa vingi namna hiyo, baadhi vitaonekana kuwa na maana kwa bahati tu. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walimweka samaki aina ya samoni aliyekufa ndani ya mashine, wakamwonyesha picha za watu. Hesabu isiyo na masahihisho ilionyesha "kazi" katika ubongo wa samaki huyo. Masahihisho yalipofanywa, ikatoweka.

Tatizo la tatu ni nani anayepigwa picha. Sehemu kubwa ya takwimu imetoka Ulaya, Amerika Kaskazini na Japani. Kiwango cha ukubwa wa ubongo kinachohesabiwa kuwa cha kawaida kwa umri wa miaka 70 kimetokana na watu hao. Lishe, elimu, magonjwa ya utotoni na shinikizo la damu hutofautiana toka jamii moja hadi nyingine, kwa hiyo vipimo hivyo vinahitaji kuhakikishwa kabla ya kutumiwa kwingine.

## Hali katika Afrika Mashariki

Utafiti unaojulikana zaidi kuhusu Parkinson katika Afrika Mashariki haukutegemea mashine za dopamini. Ulifanyika katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, Tanzania, ambako watu walihojiwa nyumba kwa nyumba na wenye dalili wakapimwa na daktari. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha wagonjwa 33 kati ya wakazi wapatao 161,000. Wengi wao hawakuwahi kuambiwa kwamba wana ugonjwa huo, hivyo hawakuwa wakipata dawa.

CT na MRI zinapatikana katika hospitali kubwa za miji mikuu na za rufaa, lakini gharama na umbali huwazuia wengi. Mashine za PET ni chache na hutumika zaidi kwa saratani. Mwaka 2022, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara nchini Uganda, timu ya wenyeji na wenzao wa Uholanzi na Marekani iliunda MRI yenye nguvu ya tesla 0.05 tu. Mashine ya namna hiyo hutumia umeme kidogo na haihitaji heli ya kupoza sumaku. Picha zake si kali kiasi cha kuonyesha substantia nigra, lakini zinaweza kuonyesha vyumba vya ubongo vilivyotanuka kwa maji.

Levodopa pamoja na kabidopa imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kuanza kuitumia hakuhitaji PET wala SPECT. Mgonjwa mwenye dalili za wazi hutambuliwa kwa historia ya ugonjwa, kwa kupimwa mwendo, misuli na mtetemeko, na kwa nafuu anayoipata baada ya kutumia dawa kwa kipimo cha kutosha. CT au MRI hufaa zaidi pale dalili zinapokwenda kinyume na kawaida: zimeanza ghafla, zimefuata kuanguka, zimekuja na mkojo usiozuilika, zinazidi kwa kasi, au dawa haileti nafuu yoyote.